Mtaro wa Taa ya Mama

Mama alikubali kuhamia kwangu kwa masharti, na masharti yake yalikuwa mengi kuliko mizigo aliyokuja nayo. Hakutaka kulala nyumba kubwa kwa sababu ina dari, na mtu hawezi kujua juu ya dari kuna nini. Hakutaka godoro la sponji. Hakutaka jogoo wake mwekundu achanganywe na kuku wangu, ambao kwa maoni yake walichomwa sindano nyingi mpaka akili zikawatoka. Basi nikamjengea chumba kimoja mwisho wa uwanja, karibu na ua wa minyaa, mlango ukitazama nyumba kubwa. Mbele ya mlango akaweka kigoda chake, na kila asubuhi alikaa hapo akipepeta uwele na kusalimiana na wapita njia. Akipita mtu asiyemjua, alimsimamisha akamuuliza ukoo wake mpaka akamjua. Haukupita muda alikuwa anawafahamu watu wa mtaa kuliko mimi, niliyekaa hapo tangu viwanja vinapimwa.

Shida ilikuwa taa. Fundi wa kwanza alivuta waya hewani, kutoka nyumba kubwa mpaka kwenye chumba cha mama, na upepo wetu wa Dodoma ukauchukua kama mali yake. Waya ukalegea, ukaanza kugonga bati. Mama akasema hawezi kulala chini ya kitu kinachobisha hodi usiku kucha na ukikiitikia hakisemi kimefuata nini. Nikautoa. Akarudi kwenye tochi, na tochi ikamfanya ajikwae kwenye ndoo, na ndoo ikamkumbusha Haneti.

Haneti ndiko alikozaliwa na ndiko alikoacha shamba. Kila mawingu yalipojikusanya upande wa mashariki, mama alifungua kifuko chake cha mbegu, akazitazama, akakifunga. Alisema mvua zikikaribia atarudi, akapande uwele wake. Msimu uliotangulia alianguka kule, peke yake nyumbani, akalala chini mpaka mchungaji wa mbuzi aliyekuwa anapita akasikia sauti. Nilikuwa na hakika kwamba akirudi, safari hiyo hatapita mchungaji.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamletea mchungaji wa kanisani aseme naye. Siku moja alichoka nami akaniambia neno lake lote.

"Mwanangu, Haneti nimezika watu. Wachimbaji wa kule nimewapikia tangu nikiwa mwali. Hapa mjini nikifa nani atanichimbia? Utakodi watu wa kulipwa, wachimbe huku wanaangalia simu."

Nikarudi kwenye habari ya taa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akipewa maswali mawili huanza na lile lenye jibu. Nikamuuliza, je, nikimwekea taa isiyopitisha waya juu ya kichwa chake, atakaa? Akasema kwanza aione. Nililichukua hilo kama ndiyo.

Fundi niliyempata safari hii alikuwa mtu wa Kondoa, mnene, mwenye maneno mengi na shati safi. Alisema dawa ni kupitisha kebo chini ya ardhi. Unachimba mtaro toka chumba cha bibi mpaka ukuta wa jiko, unatandika mchanga laini, unalaza kebo ndani ya bomba, mchanga tena, tofali juu yake, halafu unafukia. Nilipomuuliza nani atachimba, alisema yeye ni fundi wa umeme, siyo wa udongo. Nilimwambia pesa yote itakwenda kwa mtu mmoja, achague awe nani. Ijumaa mchana akavua shati.

Anayejua ardhi yetu wakati wa kiangazi anajua kwamba haichimbwi, inaombwa. Fundi alianzia mlangoni kwa mama, mahali pa kigoda, kwa sababu pale mama humwaga maji ya kunawa na udongo umelainika kidogo. Ili apate nafasi ya kurusha sururu akapanua shimo. Kwa sababu ya kujisifu kwake akalifanya refu kwenda chini, akisema waya ukilala juujuu jembe litaufuata. Jua lilipozama alikuwa na shimo moja lenye urefu wa mtu, upana wa mtu, na kilima cha udongo mwekundu pembeni. Hapo akakutana na mwamba, akavaa shati lake, akaenda.

Jumamosi alfajiri mama alijifunga kitenge chake cha safari na kuniambia anakwenda mnadani kutafuta gari la watu wa Haneti. Tuligombana kidogo, akaondoka. Fundi alipofika alisema anataka kufunga soketi nyuma ya kitanda, hivyo tukatoa kitanda nje. Godoro la sufi tukaliegemeza ukutani lipate jua. Kigoda akakiweka juu ya kilima cha udongo, kikalala ubavu. Kisha akafunga mlango wa chumba ili vumbi lisiingie, akapanda bodaboda kwenda mjini kununua kebo. Mimi nikaingia ndani kusahihisha madaftari.

Hapo sina budi kusema kidogo juu ya mtaa wetu. Uko nyuma ya Chimwaga, kwenye ardhi iliyokuwa kijiji kabla ya kupimwa, na wenyeji wa zamani bado wana makaburi ya wazee wao uani, kati ya tangi la maji na banda la kuku. Mtu kuzikwa nyumbani hakumshangazi yeyote. La pili ni kwamba kwetu ukifika penye msiba huulizi. Kuuliza nani kafa, kafaje, ni udaku. Unaingia, unakaa, unalia na wenzako au unashika kazi, na habari itakufikia yenyewe kwa wakati wake. Nimewahi kwenda kwenye matanga ya siku mbili na kujua wakati wa kuaga tu kwamba marehemu alikuwa nani.

Wa kwanza kutokea alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa minyaa, dereva mstaafu wa malori, Mhehe. Sisi Wagogo na Wahehe ni watani, vita vya mababu vimegeuka mizaha ya wajukuu, na mtani huyu alikuwa na mama vita vya kila asubuhi. Alimwambia kutoka ng'ambo ya ua kwamba mama akifa, yeye Mhehe atarithi jogoo mwekundu. Mama alimjibu kwamba jogoo huyo ndiye atakayewika kwenye matanga yake yeye Mhehe. Siku mtani akisafiri, mama alikula kidogo. Asubuhi hiyo kupitia dirishani nilimwona amesimama uani, anatazama kigoda, shimo, godoro. Akaondoka, akarudi amevaa koti jeusi, chepe begani.

Nilifurahi sana. Tangu jana yake nilikuwa nimelalamika kwa kila mtu juu ya ugumu wa ule udongo, na sasa mtu mmoja walau alikuwa amesikia. Nilitoka nikamshukuru kwa kuja bila kuitwa. Aliinamisha kichwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaingia shimoni akaanza kuchimba.

Baada yake alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mrefu mwenye sauti ya mkutano, pamoja na vijana wa bodaboda wa kituoni, mmoja na kofia ya sufu, wakiwa na sururu na mtaimbo. Walinisalimu chini chini, shikamoo mwalimu, bila kunitazama usoni. Wazee wakasimama wakapima jua kwa kiganja, wakatazama shimo limelala upande gani, mashariki au wapi, wakatikisa vichwa kuridhika. Mimi nikadhani wanaukagua mtaro kitaalamu. Moyo wangu ulijaa. Nilijisemea kwamba watu wanausema mji huu bure, watu ni wema.

Kwa kuwa ni mwalimu, siwezi kuona watu wanafanya kazi bila kuwaelekeza. Niliwaambia wasiende chini sana, mtajichosha bure, haihitaji kina chote hicho. Waliacha kuchimba wakanitazama. Niliwaambia wakaze kidogo, maana nataka jioni tuwe tumeshafukia. Mtani alifuta uso kwa mkono wa koti. Nikamsikia balozi akimnong'oneza mwenzake kwamba mwalimu ana haraka, lakini uchungu kila mtu na wake.

Kisha nikawaambia shimo halikuwa limekwisha. Litoke hapo, linyooke, lipite kando ya tangi, mpaka ukuta wa jiko. Nikawaonyesha kwa kidole, taratibu, kama ninavyochora mstari ubaoni.

Balozi alitembea toka mlango wa mama mpaka jikoni, akarudi, midomo ikienda. Alikuwa anagawa ule urefu kwa urefu wa mtu, nami hesabu nazijua, nikaona amefika mahali pabaya. Aliketi juu ya tofali akashika kichwa. Kwa sauti iliyokauka aliniuliza ni nini kimetokea, na ndiye mtu pekee siku hiyo aliyevunja mila. Nikamjibu kwa wepesi kwamba ni umeme tu.

Habari ya kwamba umeme umeteketeza nyumba nzima kwa mwalimu ilifika barabarani kabla balozi hajainuka kwenye tofali.

Wanawake waliingia kwa mkupuo, wakiongozwa na mama mkubwa wa jumuiya yetu ya kanisa, mwanamke wa mwili na mamlaka. Walikuja na unga, maharage, sufuria za sherehe na zile za msiba. Wanaume wakafunga turubai, kamba moja kwenye tangi na nyingine kwenye nondo ya dirisha langu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilianza kucheka. Sikucheka kwa kebehi, nilicheka kwa sababu ilikuwa inachekesha, na nikiwa nacheka nikawaambia jamani, mama yuko mnadani, amekwenda kutafuta gari.

Waliangua kilio. Mama mkubwa wa jumuiya alisema mshikeni, ndivyo inavyoanza. Walinishika. Waliniketisha juu ya mkeka, wakanivika kanga kichwani, mmoja akanikalia upindo wa gauni ili nisiinuke. Nikaeleza habari ya kebo. Nikaeleza habari ya waya uliogonga bati. Kila nilivyoeleza kwa mpangilio ndivyo walivyozidi kunihurumia, kwa kuwa mwenye akili timamu aliyefiwa hazungumzi kwa mpangilio. Nikapandisha hasira, nikawaambia watoke uwanjani kwangu wote. Wakasema hiyo ni afadhali, hasira inatoa sumu. Wakanipa maji ya kunywa.

Sasa mama, kwa upande wake, alikuwa amekosa gari mnadani. Alishuka kwenye bodaboda njia panda, akaona turubai kwangu, akaona watu. Na yeye ni mtu wa mila kuliko sisi sote. Hakuuliza. Alijifunika kitenge kichwani mpaka machoni, akaweka mikono utosini, akaingia analia. Baadaye aliniambia alijua tu ni mume wangu, anayefanya kazi mbali na asiyejua kuendesha gari taratibu. Alisema alimlilia vizuri, kwa haki yake. Mume wangu akiambiwa habari hii hadi leo hajui ashukuru au anune.

Mimi chini ya kanga yangu niliisikia sauti moja inalia kwa Kigogo kule nyuma, kilio cha zamani chenye kituo na kiitikio. Nikasema, yule pale ni mama. Mwanamke aliyenikalia gauni akasema ndiyo, mwanangu, wote hapa ni mama zako.

Wachimbaji kumbe walikuwa wamefika jikoni. Watu wengi, hasira na huzuni, na kule mbele ya tangi udongo si mgumu. Balozi akasimamisha kazi. Ilikuwa zamu ya mtani.

Mtani kwenye msiba anaruhusiwa asiyoruhusiwa mtu mwingine. Anaweza kucheka, anaweza kumwiga marehemu, anaweza kuingia kaburini akalala chali na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka. Mtani wetu alivua viatu, akashuka pale mlangoni kwa mama, akalala. Kutoka mkekani niliona ncha za soksi zake tu. Alianza kwa kumwiga mama anavyouliza watu koo zao, na watu wakacheka huku wanalia. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sitoki," alisema. "Nifukieni mimi. Asubuhi nitamwamkia nani juu ya ua? Bibi huyu alinitukana mimi kila siku ya Mungu, wanangu wenyewe hawanipigii simu." Akapiga chafya kwa vumbi. "Nikitoka, natoka na jogoo wake mwekundu. Mleteni hapa."

Kilio cha Kigogo kule nyuma kikakatika katikati ya kiitikio.

Mama alitoa kitenge kichwani. Alitazama chumba chake, kitanda chake, kigoda chake juu ya udongo. Alinitazama mimi nilivyofunikwa. Kisha akapita katikati ya wanawake, bila haraka, mpaka ukingoni mwa shimo, akainama.

"We Mhehe, toka humo," alisema. "Hapo ndipo inapopita taa yangu. Na jogoo haendi popote."

Watu wawili walikimbia, mmoja na mfuniko wa sufuria. Mama mkubwa wa jumuiya alikaa chini kwa uzito wake wote, nashukuru Mungu hakunikalia mimi. Mtani hakukimbia. Alibaki chali, mikono kifuani, anamtazama mama kutoka chini kwa muda mrefu, machozi yanamtiririkia masikioni, na alipoweza kusema alisema bibi ni mwongo, hata kufa hajui. Mama akasema yeye mwenyewe ameletewa msiba bila taarifa. Ndipo kicheko kikaanza, kikazunguka turubai lote, na mwanamke aliyenikalia akainuka akaniomba radhi huku ananikung'uta vumbi.

Mama hakucheka na wenzake. Alitembea kando ya mtaro wote, polepole, toka mlangoni kwake mpaka ukuta wa jiko. Alitazama kingo zake, akatazama kila mwanaume aliyeshika chepe. Vijana wa bodaboda walinyoosha migongo kama kwenye gwaride. Alisimama sana mbele ya vyungu na sufuria, akahesabu kwa macho nani kaleta nini. Kisha akaenda kuketi kwenye kigoda chake.

Fundi alirudi na kebo mabegani, akakuta turubai. Naye pia ni mtu wa mila. Alikaa na wanaume, akanyanyua viganja akaomba dua kwa Kiarabu, na ilibidi balozi amguse bega amwambie kwamba marehemu yule pale anakula maharage. Alipoona mtaro umefika jikoni alilalamika ni wa kina mno na upana mno, kebo italala humo itapata baridi. Hakuna aliyemjali. Balozi alitangaza kwamba shimo lililochimbwa na watu wa msiba halilali wazi, kwa hiyo chochote kinachofukiwa kifukiwe kabla jua halijazama, na waliokuja kuzika wazike.

Basi tukaizika kebo. Fundi alitandika mchanga, akalaza bomba, akafunika mchanga tena na tofali. Wanawake wa kwaya, ambao walikuwa wameshakuja na sare, wakaona ni hasara kurudi bila kuimba. Wakaimba. Watu wakapita mmoja mmoja kurusha konzi ya udongo, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kwa sababu balozi alinitazama. Kuna aliyeweka ua la karatasi karibu na tangi, na mpaka leo nadhani lilikuwa limelipiwa na ikaonekana vibaya kulirudisha. Mtani alishindilia udongo kwa miguu akidai ujira wake, akapewa paja la kuku wa kwangu, yule wa sindano.

Karibu na machweo ikafika pikapu kutoka Haneti. Balozi alikuwa amempigia mjomba, mdogo wake mama, asubuhi ile ile. Mjomba alishuka na jembe moja, akafuatwa na wazee wawili, mwanaume na mwanamke. Walipomwona mama ameketi kwenye kigoda anatafuna, mjomba aliegemea pikapu kwa muda. Baada ya maelezo, na salamu, na maelezo tena, mama alichungulia nyuma ya gari.

Akauliza wengine wako wapi.

Mjomba alisema wengine ni hao. Vijana wote wako huku mjini, wengine Dar es Salaam, wanakuja Krismasi, na wengine hawaji.

"Na mkifiwa?" mama aliuliza.

"Tunachimba sisi, dada. Mara ya mwisho tulipokezana watatu. Tulipofika kiunoni, mmoja wetu akakaa chini akakataa kuinuka."

"Mkafanyaje?"

"Tukamzika marehemu hapo hapo kiunoni."

Mama alimtazama yule mzee wa kiume, ambaye aliinamisha uso, bila shaka ndiye aliyekaa chini. Nilimwonea huruma mama wakati ule kuliko nilivyowahi kumwonea. Alikuwa ameshika Haneti moja kichwani miaka yote, yenye wachimbaji na wapishi wa zamu, na mdogo wake alikuwa amekuja nayo nzima nyuma ya pikapu, watu watatu na jembe. Fundi akaita kutoka chumbani.

Fundi aliniambia nibonyeze swichi mimi. Nikampa mama. Alibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayeua kunguni, na chumba kikawa cheupe. Uwanja mzima ukapiga vigelegele, jogoo mwekundu akawika kwa kudhani kumekucha, na mtani kutoka gizani akauliza kama sasa anaweza kumkamata kirahisi. Mama alikagua juu, akakagua kuta, akaona hakuna waya unaoning'inia. Akakubali kwa kichwa.

Kisha akatoa kifuko chake cha mbegu chini ya kitanda, ambacho tulikuwa tumekirudisha ndani, akamkabidhi mjomba. Alimwambia apande mapema, na pale penye kichuguu asipande kitu.

Watu walipotawanyika nilibaki naye mlangoni. Mwanga ulitoka mpaka kwenye ule mstari wa udongo mpya, wenye ua lake la karatasi. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu, kwa hiyo nikamuuliza waziwazi kama nimwambie mjomba aondoke na pikapu bila yeye. Alikuwa anauangalia ule mstari, jicho moja limefumba, kama anayenyoosha uzi.

"Yule mwenye kofia ya sufu," alisema, "pale kwenye tangi alichimba kombo. Siku yangu msimpe chepe, mpeni ndoo akateke maji. Wengine wanatosha."